Saa Nane Ipi?

Kazini walimwita Mama Saa Ipi, na jina hilo alilichuma kwa jasho lake mwenyewe. Ukimwambia kikao ni saa tatu, atakuuliza: ya asubuhi au ya usiku? Ukicheka, anakutazama tu mpaka ujibu. Maana sisi tunahesabu saa tangu jua linapochomoza, mashine zinahesabu tangu katikati ya usiku, na kati ya hesabu hizo mbili kuna shimo la saa sita. Miaka ishirini na tisa alisimama ukingoni mwa shimo hilo akiwazuia wenzake wasitumbukie. Siku aliyotumbukia yeye, zilikuwa zimebaki wiki tatu astaafu.

Ofisi yao ilikuwa ghorofa ya pili: meza nne, feni moja inayolia kama ina kinyongo na mtu, na dirisha linalotazama maegesho ya magari. Darubini hukuti humo. Darubini iko angani, mbali kuupita mwezi, nao huipelekea amri mara moja kwa siku: tazama hapa, kwa muda huu, kisha geukia pale. Nyota za kawaida hazina usumbufu, zimetulia. Usumbufu ni nyotamkia. Ni bonge la barafu na vumbi linalokimbia, na ukitaka kulinasa lazima uiambie darubini mahali litakapokuwa, si mahali lilipokuwa. Hesabu za vinavyokimbia zilikuwa za Mama Saa Ipi.

Nyotamkia ya safari hii ilitoka ukingoni kabisa mwa familia ya jua, kwenye giza ambako barafu haijaguswa na joto tangu iumbwe. Mtafiti aliyeiomba alianza kazi kwenye meza ya pili kutoka kwa Mama Saa Ipi, na mpaka leo humwita shangazi. Aliisubiri miaka minne, ajue barafu hiyo imeumbwa na nini. Alipewa saa moja tu ya darubini, siku inayofuata kurushwa kwa amri, saa nane mchana. Baada ya hapo nyotamkia ingesogea karibu na jua, ambako darubini haithubutu kutazama isije ikaungua, kisha ingeenda zake. Haikutarajiwa kurudi kabla ya miaka elfu arobaini.

Amri zilikuwa tayari, zimetiwa sahihi mbili, zinasubiri kurushwa saa saba kamili mchana. Saa sita na dakika ishirini simu ya Mama Saa Ipi iliita. Alikuwa mumewe.

"Mama watoto, fundi bomba kasema anakuja saa nane."

"Saa nane ipi?" akajibu kwa mazoea.

"Jamani, mke wangu! Fundi gani anakuja saa nane usiku?"

Akacheka. Kisha akakumbuka. Mtafiti naye alisema saa nane. Alisema kwenye simu, wiki iliyopita, feni inapiga kelele, na yeye akaandika 8 kwenye kipande cha karatasi. Siku ya pili yake akaketi na kipande kile kupiga hesabu. Hakuuliza. Kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, hakuuliza.

Alifungua faili. Zamu ya darubini: 14:00. Sawa. Mahali pa nyotamkia, pamepigiwa hesabu ya: 08:00.

Kwa hiyo darubini ingegeuka kwa adabu zake zote saa nane mchana, itazame mahali nyotamkia ilipokuwa asubuhi, na saa nzima ipige picha za giza tupu. Mashine haikulalamika. Mashine haijali kama unachokitazama kipo au hakipo.

Na hakuna aliyeona. Akinyamaza, watu watasema nyotamkia imefifia, au imevunjika vipande, huwa zinavunjika. Kabatini kulikuwa na kitabu cha makosa, chenye jalada jekundu, na ndani yake hakukuwa na mstari wake hata mmoja. Alijivunia kitabu kile kuliko vyeti vyake, na mimi sioni sababu ya kumtetea. Alikaa dakika tatu nzima akiutazama ukuta, na muda aliobakiwa nao haufiki dakika arobaini. Aliogopa, akajichukia kwa kuogopa.

Kisha akainuka, akaenda kwenye meza ya mkuu wa zamu.

"Fungua amri. Nyotamkia nimeikosea."

Mkuu wa zamu, rika la mwanawe wa kwanza, akatabasamu. "Mama, wewe hukosei."

"Nimekosea."

"Umechoka tu. Mtu akikaribia kustaafu lazima awaze. Kanywe chai, mama."

"Chai sinywi. Wewe uliikagua?"

"Si nilitia sahihi?"

"Sikuulizi sahihi. Nakuuliza, uliisoma?"

Akaitazama kalamu yake. "Kazi yako, mama... nani huisoma kazi yako?"

Ndiyo kusema sifa zake zilikuwa zimemfungia mlango. Mzembe wa ofisi angekuja na habari ile angeaminiwa palepale. Ilibidi amwekee kipande cha karatasi mezani, kando ya skrini, anyooshe kidole kwenye 8, halafu kwenye 08:00. Tabasamu likamfutika yule kijana wa watu.

Saa sita na dakika thelathini na tatu. Hesabu mpya ilihitaji robo saa, na mashine haijui haraka ya mtu. Walisimama wote wawili wakiutazama mstari wa kijani ukitambaa. Katikati ukagoma. Mkuu wa zamu akatoa neno ambalo asingelitoa mbele ya mama yake, akaomba radhi. Mstari ukaendelea.

Namba zilipotoka zilikuwa zimebaki dakika tisa. Mkuu wa zamu akashika kalamu. Mama Saa Ipi akamzuia mkono.

"Soma. Kwa sauti, moja moja."

"Mama, muda!"

"Haraka yetu ndiyo imetufikisha hapa. Soma."

Akasoma, jasho linamtiririka, mpaka mwisho.

"Saa?"

"Kumi na nne, sifuri sifuri."

"Ndiyo saa ngapi?"

"Saa nane, mama. Ya mchana."

Amri ziliruka ikiwa imebaki dakika moja na ushei. Fundi bomba hakutokea, si saa nane hiyo wala nyingine.

Kesho yake jioni mtafiti alipiga simu, analia na kucheka kwa pamoja. "Shangazi, imo! Katikati kabisa! Maji, hewa ukaa, vyote vinaonekana. Nilijua tu, ikiwa mikononi mwako sina wasiwasi."

"Subiri nikusomee kitu," alisema, akakifuata kitabu chekundu. Akasoma mstari alioandika jana: "Niliambiwa saa nane. Sikuuliza ipi." Chini yake akakuta mwandiko wa mkuu wa zamu, ambao hakuwa na habari nao. Akausoma pia: "Nilitia sahihi bila kusoma."



"Shangazi, una kalamu hapo? Andika na wangu. Nilisema saa nane tu. Sikusema ya mchana."