Mvinyo wa Jumapili na Maharage ya Mama Mkwe

Mvinyo ulifika nyumbani kwetu kwa bahati tu. Shule ninayofundisha ilinituma Dodoma kwenye semina, na dada yangu anayeishi huko akanipeleka kwa jirani yake anayelima zabibu. Nilirudi Tabora kwa treni na chupa mbili, moja nyekundu na moja nyeupe, nimezifunga ndani ya kitenge na kuzipakata njia nzima. Mume wangu alizitazama akauliza kama kuna harusi. Nikamwambia hakuna harusi, ni chakula cha mchana tu.

Watoto wetu walikuwa wamekwenda kusoma mbali na nyumba yetu ya Ipuli ilikuwa kimya. Mume wangu ni fundi wa pampu za visima. Siku nyingi anarudi amechoka, anakula upesi, anajinyoosha. Jumapili ile baada ya misa tulifungua chupa nyekundu, tukaimimina kwenye glasi za chai kwa kuwa hatukuwa na nyingine, tukainywa na ugali na kuku wa kienyeji. Funda la kwanza lilitukausha ulimi kana kwamba tumetafuna ganda la ndizi mbichi. Tulitazamana tukacheka. Lakini nilipomeza mchuzi kisha nikanywa tena, ule ukali ulikuwa umelainika, na kuku naye akawa na ladha ambayo sikuwahi kuijua. Tulikaa mezani mpaka jua likahamia upande wa pili wa nyumba.

Tangu hapo ikawa desturi yetu. Kuna duka karibu na stesheni linalouza mvinyo wa Dodoma wa bei ya watu wa kawaida, ule wa kifuniko cha kuzungusha, na mara kwa mara tulinunua chupa. Tulijifunza kwa kukosea. Nyeupe isiyo na sukari ilipatana na migebuka ya Kigoma iliyokaangwa ikakauka, hasa ukiikamulia ndimu. Ile tamu iliharibu samaki kabisa, ila ilifaa kwa matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kuanikwa, ukivitafuna pamoja na karanga. Mlenda ulitushinda. Kila chupa tuliyoijaribu nao ilipoteza ladha mdomoni. Umeme ukikatika, tuliizungushia chupa kanga iliyolowa maji na kuiweka dirishani penye upepo, na ilipoa vya kutosha. Mume wangu, ambaye si mtu wa maneno mengi, alianza kushika glasi na kusema kwamba huu una ukwaju kwa mbali, au huu unanuka kama udongo mvua inapoanza.

Kisha mama mkwe akavunjika mguu. Anaishi Ulyankulu, ambako yeye na marehemu baba mkwe walifika kutoka Burundi wakiwa bado vijana, wakafyeka pori na kulilima. Aliteleza akitoka shamba na mzigo wa mihogo kichwani. Hospitali ya mjini ilipomruhusu, hakuweza kurudi kukaa peke yake, tukampa chumba cha watoto. Ni mwanamke mfupi, anayesali rozari kabla hakujapambazuka, na macho yake hayapitwi na kitu. Hatukuwahi kugombana, lakini hatukuwa tumezoeana pia. Kwa miaka yote nilimwamkia, nikapika, nikamsindikiza, basi.

Jumapili yake ya kwanza kwetu niliweka chupa nyekundu mezani kama kawaida. Akauliza ni kitu gani. Mwanawe akamjibu kuwa ni mvinyo wa zabibu.

"Divai?" akasema mama.

Maisha yake yote alikuwa ameiona mikononi mwa padri tu, altareni. Hakutugombeza. Alichukua sahani yake, akaniomba nimsaidie kufika kibarazani nyuma ya nyumba, akala huko peke yake. Mume wangu alikuwa ameshamimina kidogo. Akafunga chupa na tukamaliza chakula. Kwanza niliona hasira, maana ilikuwa nyumba yangu na meza yangu. Halafu nikamsikia akikohoa kule nje, nikaona aibu. Nikaificha chupa kabatini nyuma ya unga.

Wiki zikapita bila mvinyo. Mama alirudi mezani, tukala vizuri, lakini Jumapili zilikuwa fupi. Mume wangu alikuwa akinawa mikono tu, anakwenda uani kufungua vyuma vya pampu ambavyo vingeweza kungoja Jumatatu.

Padri mmoja anayefundisha seminari ya Kipalapala alipita mtaani kwetu kuwapa wagonjwa komunyo. Mama akaomba aachwe naye faragha. Nilidhani anaungama, nikatoka kwenda kuanua nguo.

Jumapili iliyofuata alinikataza kupika. Aliketi kwenye kigoda jikoni, mguu wake mbaya ameunyoosha, akapika maharage kwa mawese, vitunguu vingi na nyanya chungu, nami nikawa wa kumpa vitu mkononi. Tulipokaa kula akanitazama.

"Mwanangu, ile chupa iko wapi?"

Nikamjibu kwamba niliiweka mbali, mama.

"Kailete. Baba yake alikuwa kimya kama huyu. Pombe ya ndizi ilikaa katikati yetu, yeye na mrija wake na mimi na wangu, na hapo ndipo aliponiambia yaliyokuwa moyoni mwake. Tangu uifiche hiyo chupa, huyu anakula kama mtu anayewahi basi."

Mume wangu aliinamia sahani yake. Mama akatueleza kwamba alimuuliza padri kama divai ya mezani ni dhambi. Padri alimwambia kuwa kabla ya kuwekwa wakfu ni divai kama divai nyingine, na Bwana Yesu mwenyewe aliinywa mezani kwa watu. Dhambi iko kwenye ulevi. Kisha padri naye akauliza wanawe wanakunywa ipi.

Nikaileta chupa na kummiminia kidogo. Alifanya ishara ya msalaba, akanywa, na uso wake wote ukakunjamana. Akauliza kwa upole kama kweli hiki ndicho tunachokipenda. Nikaonja na mimi. Chupa ilikuwa imekaa wiki nyingi tangu ifunguliwe na mvinyo ulikuwa umegeuka siki. Mume wangu alicheka hadi akafuta machozi. Siki nikaimwagia kachumbari, ikapendeza, naye akawasha pikipiki kwenda dukani.

Alirudi na nyekundu mpya, isiyo na sukari. Mama alinywa kwa tahadhari, akala maharage, akanywa tena. Tulimngoja kama tunangoja matokeo ya mtihani.

"Inakata mafuta," akasema, akasogeza glasi aongezewe.

Na ilikuwa kweli. Mawese yanatanda mdomoni, na ule ukali wa mvinyo unayaondoa, kijiko kinachofuata kinakuwa kitamu kama cha kwanza. Tulikula polepole. Katikati ya mazungumzo mume wangu akasema jambo ambalo hakuwahi kuniambia: kwamba baba yake alipofariki, yeye alikuwa anachelewa makusudi kwenda nyumbani kwao Ulyankulu, kwa sababu hakutaka kukiona kiti chake kikiwa kitupu. Mama akamwambia kwamba yeye mwenyewe alikitoa kile kiti akakipeleka kwa jirani, na akakirudisha siku alipoweza kukitazama. Wakahamia Kirundi, nami sikuhitaji kufasiriwa. Niliwaachia meza nikaenda kuchemsha maji ya kuoshea vyombo, na nilikuwa na furaha.

Alikaa nasi mpaka masika. Uyoga wa porini ulipoanza kuuzwa barabarani alitaka tuujaribu kwa nyekundu, nao ulipikwa kwa karanga, na hadi leo sijala chakula na mvinyo vilivyopatana kuliko vile. Rafiki yangu wa Mtendeni, Mwislamu anayeuza vitambaa, alikuja kumjulia hali mara nyingi na bakuli la pilau. Siku hizo hatukufungua chupa, tulinunua sharubati ya zabibu na wote tukanywa hiyo. Mama alisema sharubati inaipenda pilau zaidi, na sikuona sababu ya kumbishia.

Mguu ulipopona tulimrudisha Ulyankulu, na chupa moja ikasafiri katikati ya nguo zake. Tulipokwenda kumwona wakati wa mavuno, tulimkuta ameketi uani na wanawake wawili wa jumuiya yake ya kanisani, kila mmoja na kikombe kidogo. Mmoja wao alikuwa amekunja uso akisema kinywaji hiki ni dawa.

"Kula kwanza," mama akamwambia, akamsogezea sahani.

Yule mwanamke akala, akanywa, akafikiri kidogo, kisha akasogeza kikombe aongezewe. Ndipo tukawaamkia wote shikamoo, wakaitikia marahaba, wakatusogezea viti.