Yule Aliyetangulia

Nyumba yangu ya Madale iko juu ya kilima, na nasema bila haya kwamba hakuna aliyenisaidia hata tofali moja. Niliondoka Temeke nikiwa fundi friji, sijui hata kusema asante kwa Kijapani. Nikaosha vyombo, nikabeba samaki walioganda kwenye maghala ambamo pumzi inageuka moshi, usiku nikasoma. Nimerudi na stashahada ya mitambo ya ubaridi. Imetundikwa sebuleni, juu kuliko picha ya harusi. Mke wangu ameshalalamika mpaka kanyamaza. Leo nusu ya nyumba mpya za Mbweni zinazopumua hewa baridi, mitambo yake nimeifunga mimi.

Pamoja na stashahada nilirudi na boksi la vitabu vya katuni. Wajapani huviita manga, na watu wazima wenye kazi zao huvisoma kwenye treni bila kuona aibu. Mimi nilijifunzia lugha humo. Mfululizo nilioupenda kuliko yote ulihusu wafalme wa Uingereza wa zamani, koo mbili zikichinjana kwa ajili ya kiti kimoja. Mchoraji alikuwa amechukua tamthilia za Kiingereza, zile zile ambazo baba yangu alizifundisha sekondari mpaka akastaafu, akazigeuza atakavyo.

Baba alikuja kuishi kwangu baada ya presha ya macho kumpofusha na moyo wake kuanza kuchoka. Mama alikuwa ameshafariki. Siku moja barazani baba alisikia nikigeuza kurasa, akauliza ninasoma nini. Nilipomweleza alicheka.

"Wajapani nao? Hebu soma. Nione wamewaharibu vipi wafalme wangu."

Ikawa kazi yetu ya alasiri. Kitabu kinaanzia nyuma kuja mbele, kama vya madrasa. Mimi namweleza picha, kisha natafsiri maneno papo hapo kwa Kiswahili. Wako wangapi Dar wanaoweza kazi hiyo? Lakini baba alinisikiliza kama anavyomsikiliza mwanafunzi wa kidato cha pili.

"Kosa," alikuwa akisema. "Mwanamfalme huyo hakuwa mzuri. Alikuwa na kibiongo, na mkono mmoja umekauka."

"Baba, hapa wamemchora ana nywele ndefu na macho kama ya twiga."

"Basi watu hao ni wa ajabu. Ukimnyang'anya kibiongo, hasira ataitoa wapi? Endelea."

Kuna jambo nilimficha. Katika kitabu kile mwanamfalme alikuwa msichana. Aliyezaliwa ni binti, akakuzwa kama mvulana ili ukoo usikose mrithi, na siri aliijua mlezi wake peke yake. Nilijua baba akilisikia hilo presha ingepanda. Na Kiswahili kilinisaidia. Kijapani kinanipa shida nyingi, lakini Kiswahili kinasema "alivaa deraya ya chuma, akapanda farasi, akalia," na msikilizaji hatajua kama ni mwanamume au mwanamke. Nilijipongeza kwa ujanja wangu.

Mambo yaligeuka tulipofika kwenye vita. Mkesha wa vita, wafu wanamjia mwanamfalme hemani mmoja baada ya mwingine, wanakaa pembeni ya kitanda chake, kila mmoja na neno lake. Mchoraji alikuwa amewachora bila macho. Nilisoma polepole. Nilipomaliza, baba hakusema kosa. Alitua kikombe chini, chai ikiwa nusu.

"Na mie yupo wangu," akasema. "Mwite aje."

"Nani, baba?"

"Yule aliyetangulia. Nina neno naye kabla sijafunga macho."

Tangu siku ile alianza kusogea kwenye benchi la barazani akiacha nafasi. Akiletewa chai, aliagiza na kikombe cha pili. "Mwekee," alisema, akipigapiga ubao pale palipo wazi. Kikombe kilipoa, kikamwagwa, kesho yake kikajazwa tena. Watoto wangu waliacha kukaa benchi lile. Nami niliyefanya kazi peke yangu ndani ya maghala ya barafu, taa zikizimwa bila taarifa, nilijikuta nazunguka kupitia jikoni ili nisipite mbele ya nafasi ile.

Jumapili mchungaji alimletea Chakula cha Bwana nyumbani. Baba alikataa.

"Siwezi kushiriki, mchungaji. Nimekosana na mtu."

"Mtu gani, mwalimu? Tumlete mpatane."

"Ameshakufa."

Mchungaji alinitazama, nami nikainua mabega. Baba alikuwa mzee wa kanisa tangu kwetu Mbeya. Nilijua maana ya neno lile. Hatakula meza ya Bwana na kinyongo moyoni, na asipokula ataondoka hivyo hivyo. Daktari alikuwa ameshatuambia tusitegemee muda mrefu.

Nikahesabu marehemu wetu. Mama haiwezekani awe yeye, maana baba alikuwa akimtaja kwa jina kila asubuhi kama mtu aliyekwenda sokoni. Alibaki kaka yangu mkubwa, aliyefariki kwa ajali mimi nikiwa Japani. Nikaona nimeshaelewa. Mimi si mtu wa kukaa na tatizo. Nikampakia baba kwenye gari mpaka Pugu, kwenye makaburi alikozikwa kaka. Nikamshika mkono tukapita kati ya misalaba, nikamwekea kiganja juu ya saruji.

"Haya, baba. Huyu hapa. Sema naye."

Alipapasa msalaba kutoka juu hadi chini.

"Huyu sina neno naye," alisema. "Tuliagana vizuri. Nirudishe nyumbani."

Tukarudi. Kilima cha Madale kilipoanza, akaguna, "Umenipeleka kwa mtu siye."

Mke wangu alikuwa na jibu lake.

"Baba kaingiwa na mizimu ya hicho kitabu chako. Kichome moto."

"Nimekibeba kutoka Japani nije kukichoma Madale?"

"Basi msomee Zaburi kama watu wengine."

Nilimsomea Zaburi, akalala. Alipoamka akasema nirudi kwa wafalme.

Basi nikarudi. Tulikuwa tumefika mahali ambapo vita vimetulia na koo zinataka kupatana kwa ndoa. Mwanamfalme anasimama kanisani amevaa deraya, siri ikiwa chini ya chuma. Nikasoma, "Akaoa."

"Kosa," alisema baba. "Akaolewa."

Nilishusha kitabu. Hapa ndipo Kiswahili kinapoacha kuficha. Mwanamume anaoa, mwanamke anaolewa, hakuna njia ya katikati. Siri ile ilikuwa yangu na kitabu, na kitabu kimeandikwa Kijapani, na baba haoni. Nilitazama nafasi iliyo wazi pembeni yake kana kwamba aliyemnong'oneza amekaa pale.

"Baba, nani kakwambia?"

"Niambiwe na nani, na mie nilikuwamo nyumbani? Aliolewa Jumamosi. Gari za harusi zikapita mtaani kwetu zinapiga honi, mie nikafunga madirisha yote. Mama yako akataka kutoka, nikamwambia akae. Nikasema, mtoto huyo amekufa leo."

Kumbe siku zote zile "yeye" niliyemsoma mimi na "yeye" aliyemsikia baba walikuwa watu wawili.

Kabla sijaenda Japani, dada yangu aliolewa na kijana wa familia ya Kihindi yenye duka la vipuri, Waislamu wa Kishia, akafuata dini ya mumewe. Baba alitandika mikeka uani kwetu Temeke kama msibani. Majirani na ndugu wakaja na pole, wakaondoka wakitikisa vichwa. Jina lake halikutamkwa tena nyumbani. Ndiyo maana sikumhesabu nilipohesabu wafu wetu. Hakuwa amekufa. Alikuwa Mbweni, mteremko mmoja tu kutoka kwangu, na mke wangu alikuwa akimpigia simu kila sikukuu.

Safari hii nilipiga mwenyewe. Dada alinisikiliza, kisha akauliza, "Ameniita kama nani?"

"Kama mwanawe, dada. Kama nani tena?"

Nilijibu haraka, kama ninavyowajibu wateja.

Alikuja kesho yake asubuhi peke yake, amevaa baibui jeusi, harufu ya udi ikamtangulia barazani. Baba aliinua uso. Akasogea kwenye benchi, ingawa nafasi ilikuwapo tayari. Dada akakaa. Alifungua mdomo amwamkie, lakini baba akamuwahi.

"Shikamoo," alisema baba.

Nilidhani nimesikia vibaya. Baba yangu, mzee wa kanisa, mwalimu, anamwamkia binti yake aliyemzaa. Kisha nikakumbuka usemi wa bibi zetu wa Mbeya, kwamba anayetangulia kufa ni mkubwa wako, hata kama ulimbeba mgongoni. Baba hakuwa akimwamkia mwanawe. Alikuwa akimwamkia marehemu.

Dada alinitazama. Macho yake yalikuwa yamejaa.

"Shikamoo," baba alirudia, kwa unyenyekevu ambao sijawahi kumwona nao mbele ya mtu yeyote.

Nilitaka kusema, "Baba, yuko hai, amekuja na gari yake, iko pale getini." Dada aliinua kiganja kunizuia. Alikuwa ameelewa kabla yangu. Mtoto aliye hai baba asingemwomba radhi hata dunia ipinduke. Marehemu angeweza kumwomba.

"Marahaba," alisema dada.

Baba alishusha pumzi ndefu. "Nilikufungia madirisha."

"Tuliyaona. Tulipita polepole, nikidhani labda utafungua."

"Sikufungua. Nisamehe."

"Nimekusamehe."

"Huko uliko, wamekupokea?"

"Wamenipokea vizuri. Nina watoto."

Baba alimsogezea sikio. "Kumbe huko watu huzaa?"

"Huzaa, baba."

Alicheka, machozi yakimshuka, akampapasa mkono kuanzia bangili hadi ncha za vidole. Hakumuuliza ni lini atarudi. Alikunywa chai, na kikombe cha pili dada akakinywa.

Nilipomsindikiza, dada alisimama na ufunguo wa gari mkononi.

"Nimemwitikia," alisema. "Sasa mie, hapa mbele yako, ni nani?"

Nina jibu la kila kitu, mnanijua. Nilimfungulia geti.

Jumapili baba alipokea Chakula cha Bwana. Hakuishi sana baada ya hapo. Alifariki mchana, akiwa ameegemea ukuta wa baraza, bila fujo.

Wasifu wa marehemu niliusoma mwenyewe kanisani, maana katika ukoo wetu hakuna anayesoma mbele za watu kunishinda. Nilifika pale panaposemwa ameacha nani. Ndugu zetu wa Mbeya walikuwa wamejaa mabenchi ya mbele. Dada alikuwa nyuma kabisa, karibu na mlango, na mumewe.

"Marehemu ameacha watoto wawili," nilisoma.

Shangazi akageuka kwa jirani yake. "Wawili? Wa pili nani tena?"

Nikasema jina la dada yangu kwa sauti yote niliyo nayo. Miguno ikapita benchi hadi benchi. Wengine walikuwa wamekaa kwenye mikeka ile ya Temeke, wamekula chakula cha msiba wake.

Makaburini ndugu walimpa dada pole mmoja mmoja, kwa kuwa nilisimama kando yake na hawakuwa na pa kukwepea. Shangazi alimpa ncha za vidole tu. Alipomwachia, alisogea pembeni, akaugeuza mkono wake na kuzitazama ncha zile, kama mtu aliyetegemea ubaridi wa maiti akakuta joto.