Siku Mama Alipoungoja Upepo

Iko siku moja ambayo naikumbuka hadi leo, mwanangu, na kila nikiikumbuka mwili hunisisimka. Ilikuwa mwaka ule wa barakoa, huku kwetu Werugha, nami nilikuwa bado kijana. Usicheke. Mvi nilikuwa nazo, na wajukuu pia, lakini mama yangu alikuwa hai, na mwenye mama hajawa mzee. Bado hutumwa maji na kugombezwa.

Kijiji kilikuwa kimegawanyika. Walikuwepo waliosema Mungu yupo, wakaendelea kupeana mikono na kujazana misibani. Halafu tulikuwepo sisi waoga. Mimi niliosha hata kabichi kwa sabuni, mpaka ng'ombe akayakataa majani yake. Niliweka mtungi wa maji langoni, nikajipa kazi ya uaskari. Wala sioni haya kusema niliogopa. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na mama alikuwa ameshapita miaka themanini, kifua chake dhaifu tangu zamani.

Mama mwenyewe hakunibishia. Kanisa aliliacha, yeye ambaye Jumapili hakuikosa hata mvua inyeshe vipi. Soko la Mwatate aliliacha. Harusi ya mjukuu wake aliitazama kwenye simu, akalalamika tu kwamba bwana harusi amekuwa mdogo kama siafu. Shambani ndiko alikoendelea kwenda, maana kule hakuna wa kumpumulia.

Lakini kulikuwa na jambo lililomkaa rohoni. Ndugu yangu mdogo, Mwakio, alikuwa dereva wa lori la mizigo kati ya Mombasa na Taveta. Kabla ugonjwa haujaingia alitaka mama ashuke akaishi naye Voi, mama akakataa kuwaacha ng'ombe wake. Wakabishana, na Mwakio akapandwa na hasira akasema, "Basi ukifa huku, usiniite."

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mama alichukua ndoo akaenda kukama. Kisha ugonjwa ukaja. Mombasa ikafungwa, wakawa wanapita wenye malori tu, na watu wakawa wanazikwa haraka haraka na jamaa wachache. Lile neno la Mwakio likaanza kufanana na jambo litakalotokea kweli.

Kwetu Wataita neno la namna hiyo haliondoki kwa kuambiwa pole. Aliyeudhiwa hutia maji kinywani, akayapuliza nje yakawa manyunyu, huku akitamka kwamba hasira imemtoka na anamtakia mwenzake heri. Huko ndiko kutasa. Mama alikuwa Mkristo wa kweli, lakini kutasa hakuacha. Alisema hasira haiulizi mtu dini. Sasa fikiria, mwanangu, kupuliza maji ya kinywani mbele ya mtu, na katika mwaka ule! Sisi tulikuwa tumekatazana hata kukohoa.

Asubuhi moja Mwakio akapiga simu.

"Dada, niko Mwatate na gari. Nataka nipande huko mama anitasie."

"Wewe umetoka Mombasa! Unataka kutuulia mama?"

"Siingii ndani, dada. Hata mimi naogopa. Lakini nikiendesha gari nasikia tu yale maneno yangu."

Mama alikuwa nyuma yangu akichambua maharagwe. "Mwambie apande," akasema.

"Mama, si umtasie kwa simu tu?"

"Maji yanapita kwa simu?"

Ndipo akaweka ungo chini akanitazama, na nilijua nakaripiwa ingawa hakupaza sauti. "Mkawasi, kanisa nimeliacha. Soko nimeliacha. Niliviacha mwenyewe, na sikulia. Hili siachi. Lakini nani amekwambia nitalifanya kijinga?"

Akatoka kwenda nyuma ya nyumba, mwisho wa shamba, pale anapopepetea maharagwe kila msimu. Nilimfuata na kikombe cha maji, nimekasirika na kuogopa kwa pamoja. Baadaye Mwakio alikuja kwa njia ya chini, akasimama matuta mawili chini yetu, barakoa usoni, kofia mkononi. Mtu mzima yule, mwenye watoto, lakini alisimama kama mtoto aliyevunja chungu.

Mama hakumtazama kwanza. Aliutazama moshi wa jikoni kwetu. Ulikuwa unalala kuelekea juu, mlimani. Akachukua makapi kidogo ya maharagwe, akayaachia kutoka mkononi, yakamrudia mwenyewe kwenye kanga.

"Upepo unatoka kwako kuja kwangu," akamwambia Mwakio. "Kaa chini, tungoje."

"Mama, gari inaningoja Mwatate."

"Na mimi nimekungoja tangu useme lile neno. Upepo ukikataa leo, utakuja siku nyingine. Sitakufa kwa sababu ya haraka yako."

Basi tukangoja. Ukungu ulipanda kutoka bondeni, ukamfunika Mwakio hata tukawa tunaona kofia tu. Nilitamani upepo usigeuke kabisa, aende zake, nibaki na mama yangu mzima. Nakuambia ukweli ulivyokuwa moyoni mwangu. Mama kila mara aliachia makapi machache na kuyatazama yakimrudia. Sikuwahi kuona mtu anayetaka kitu kwa nguvu namna ile halafu asikikimbilie.

Kisha moshi ukasimama wima. Ukayumba kidogo, halafu ukalala kuelekea bondeni, na ukungu ukaanza kurudi ulikotoka. Mama akaachia makapi, yakaruka kwenda kwa Mwakio. Akaachia mengine, nayo yakaenda huko huko. Akanyoosha mkono, nikampa kikombe.

Akatia maji kinywani, akayapuliza. Jua lilikuwa limetokea nyuma yetu, na yale manyunyu yakang'aa kabla upepo haujayachukua. Akasema kwa Kidawida, lugha yetu, nami nakupa kwa Kiswahili, "Hasira iliyokuwa ndani yangu imetoka, iende na maji haya. Mwanangu alale, aamke. Barabara imrudishe." Akapuliza tena. Nilisikia kicho ambacho sijawahi kukisikia hata kanisani. Kule chini Mwakio alikuwa amepiga magoti kwenye udongo wenye maji, uso ameuinua.

Akajigusa kipaji cha uso. "Mama, yamefika," akasema.

Kama ni maji ya mama au ni ukungu, mimi sijui. Hawakukumbatiana. Mwakio alishuka kulifuata lori lake, mama akanawa mikono, akaniuliza kama chai iko. Mimi kwa wiki nyingi nilikuwa namsikiliza kifua akiwa amelala. Hakukohoa. Kama Mwakio alikuwa na ugonjwa au hakuwa nao, hatukujua, wala hatutajua.

Mama alifariki mwaka jana, kwa uzee, kitandani mwake. Asubuhi ya siku aliyofariki alinishika mkono akaniambia, "Mwite Mwakio." Nilimwita, akaja, akamkuta bado anapumua.

Ndiyo maana ukiniuliza mtu aishi vipi hatari ikiwa mlangoni, siwezi kukuambia jifungie, wala siwezi kukuambia Mungu yupo, nenda tu. Yaangalie maisha yako, uone yapi unaweza kuyaacha bila kulia, uyaache, hata kama ni matamu. Kinga ni bora kuliko tiba, hilo silikatai. Lakini likiwepo lile moja ambalo ukiliacha utabaki hai huku umepungukiwa, hilo lishike, ulitafutie njia. Njia isipopatikana leo, ngoja. Kungoja si woga, mwanangu. Na yule mwenye kifua dhaifu muulize mwenyewe anataka nini, maana mimi nilikuwa nampimia mama uhai wake kama vile ni wangu.

Haya, nipe kikombe hicho cha maji, uiname kidogo nikutasie. Nimeutazama moshi, unaelekea kwako. Kama nilikuwa na hasira nawe, imetoka. Ulale, uamke. Njia zako zikurudishe nyumbani. Na siku utakayoita, awepo wa kukuitikia.