Kibuyu cha Mursik kwa Ajili ya Nyangumi

Sijawahi kuishi karibu na bahari. Nilijifunza kutofautisha pomboo mmoja na mwingine hapa Eldoret, chumbani kwangu, nikilinganisha picha za mapezi yao ya mgongoni: hili lina pengo, lile limechanika ncha. Kikundi kidogo cha Pwani kinachowalinda pomboo na nyangumi hunitumia picha hizo nami nazipanga. Hakuna aliyenifundisha, kwa hivyo kila picha naiangalia tena na tena, nikiogopa kwamba siku moja mtu aliyesomea kazi hii atagundua kosa.

Mwaka jana, msimu wa nyangumi ulipokaribia, mratibu wa kikundi alinipigia simu. Michango yote ilikuwa imeenda kwa wavuvi waliokata nyavu zao ili kuwaokoa pomboo walionaswa. Mvuvi asipofidiwa wavu, kesho hatakata. Sasa hawakuwa na petroli ya boti.

"Boti isipotoka mwezi huu," alisema, "nyangumi watapita na watoto wao na hatutajua nani amepita."

Nilimwambia kanisa letu litasaidia. Nilisema hivyo kabla sijamwuliza mtu yeyote, halafu nikakaa wiki nzima nikiandika hotuba na kuifuta.

Jumapili, baada ya ibada, sisi hufanya mnada. Watu huleta kuku, mayai, kabichi, na kinachopatikana huenda kwa shida iliyotangazwa. Mzee wa kanisa anayeuza alinipa nafasi nieleze. Nilianza na bayoanuwai. Nikaona watu wakitafuta funguo zao.

"Ngoja kwanza," alisema mama mmoja wa mbele, mfugaji kutoka Moiben. "Huyo nyangumi anataga ama anazaa?"

"Anazaa, Mama. Mmoja tu. Na ananyonyesha."

"Humo ndani ya maji?"

"Humo humo."

Aligeukia wenzake. "Mnasikia? Na nyinyi mvua kidogo tu mnakataa kwenda kukamua."

Watu wakacheka, na hotuba yangu ikaishia hapo. Mama akainua kibuyu cha mursik, maziwa yake ya kugandisha, aliyokuwa ampelekee binti yake. "Anzeni na hii."

"Haya," muuzaji akapaza sauti, "maziwa ya kumsaidia ng'ombe wa baharini."

Nilitaka kumsahihisha, lakini tayari mtu alikuwa ametaja bei.

Mwenye duka la vipuri, ambaye wazazi wake walihamia huku kutoka Nyeri, ndiye aliyenunua. Akakirudisha kibuyu mezani, kama tunavyofanya, kiuzwe tena. "Mimi hiyo hunishinda," alisema.

"Kunywa, utapata bibi huku," mtu akamtania.

"Nikunywe usingizi unilaze hapa kanisani?"

Kibuyu kilizunguka, kikinunuliwa na kurudishwa, hadi mwalimu mmoja akakikumbatia na kusema hiki sasa kinaenda nyumbani. Jioni hiyo nilituma pesa Pwani. Zilitosha.

Boti ilitoka. Picha niliyotumiwa ilikuwa imeinama na yenye ukungu: mgongo mkubwa, na kando yake mgongo mdogo. Nyingine kama hiyo ningeitupa, na kwa kweli nilikaa nayo siku kadhaa nikijaribu kuisafisha. Mwishowe niliichapisha kwenye karatasi ilivyo, nikaipeleka kanisani. Watu walichangia ili nyangumi waonekane, na hapo walionekana. Nina hakika zaidi na kazi hii sasa kuliko nilivyowahi kuwa na hakika na jambo lolote.

Mama wa Moiben aliishika mbali na macho yake, akaitazama muda mrefu.

"Ndama ni dume ama jike?"

"Sijui, Mama."

Nilingoja aibu inishike. Haikuja.

"Wenyewe huko Pwani wanajua?"

"Hawajui bado. Mpaka wamwone tena."

"Basi warudi wamwangalie vizuri," alisema, akifungua fundo la leso yake. "Shika hii ya petroli."