Robo Isiyo na Kadi

Mdogo wangu alikaa kwenye dirisha la usajili la kliniki miaka kumi na tisa. Watu walimwita Bibi Kadi, na wapo waliodhani ndilo jina alilopewa na wazazi wetu. Ukitaka daktari alikupa kadi nyeupe, ukitaka dawa tu alikupa ya kijani, ukitaka vyote alikupa zote mbili. Huna kadi, hupiti. Siku moja mkuu wa kliniki mwenyewe alikuja akiumwa jino, akataka kupenya kando.

"Kadi, bosi," mdogo wangu akamwambia.

Bosi akapanga foleni, shavu limevimba kama andazi.

Kisha ikaja barua. Dirisha litafungwa, wagonjwa watajisajili kwenye mashine. Wahudumu wa madirisha watafanya mtihani wa hesabu; atakayefaulu ataingia ofisi ya takwimu, atakayeanguka mara mbili ataaga. Kwa mwingine hiyo ingekuwa habari ya kazi tu. Mume wake, shemeji yangu, alikuwa na ugonjwa wa uti wa mgongo, na alichomwa sindano mbili kila mwezi pale pale kliniki, bure, kwa sababu mkewe ni mfanyakazi. Bila sindano hizo hakuweza hata kujigeuza kitandani. Nje ya kliniki hatukuwa na ubavu wa kuzinunua, hata mimi.

Mtihani wa kwanza akaanguka. Jumapili akaja dukani kwangu na karatasi ya maswali ndani ya mfuko. Mimi nauza friji zilizotumika, na shule niliiacha darasa la sita.

"Kaka, nisomee hili uniambie nimekosa wapi."

Swali lilisema: katika kundi la watu, theluthi mbili wana kadi nyekundu, na nusu wana kadi ya bluu. Ni sehemu gani ya kundi yenye zote mbili? Chini yake kulikuwa na taarifa mbili. Ya kwanza: watu wote ni mia na ishirini. Ya pili: robo ya watu hawana kadi yoyote. Kumbe hawakutaka jibu. Walitaka useme ni taarifa ipi inatosha kulipata: ya kwanza peke yake, ya pili peke yake, zote kwa pamoja, yoyote kati yake, au hakuna.

Yeye alikuwa amechagua yoyote.

"Jibu ni sehemu moja ya sita," akasema. "Jumlisha theluthi mbili na nusu, inazidi kundi zima kwa moja ya sita. Waliozidi ndio wenye kadi mbili. Taarifa za nini sasa?"

"Na wasio na kadi?"

"Wa wapi?"

"Humo kwenye kundi."

"Asiye na kadi ameingiaje?"

Nilicheka mpaka nikaketi juu ya friji. Yeye hakucheka. Miaka kumi na tisa hajaona mtu wa namna hiyo upande wa ndani, sasa amjue wapi?

Nikamfundisha kwa njia yangu. Mtu akiniletea friji, nikamwambia, siifungui yote. Akinieleza rangi na mlango ulivyong'aa, sijajua kitu. Nikiisikia mota inavyozunguka, nimeshajua ninunue au niache, hata kama bei hatujaitaja. Wale mia na ishirini ni rangi ya friji. Ile robo ndiyo mota: ukiitoa, wanabaki robo tatu wenye kadi, na wenye zote mbili wanakuwa sehemu tano kati ya kumi na mbili. Kwa hiyo ya pili peke yake inatosha.

"Kwa hiyo nimeishi na moja ya sita ya uongo," akasema.

"Kila swali, kabla hujagusa namba, uliza: wasio na chochote wako wangapi? Hujui, usijibu."

Tulifanya hivyo majuma saba. Nilimchorea vyumba vinne: wa hiki tu, wa kile tu, wa vyote, wa patupu. Mwanzoni mkono wake ulikimbilia kuandika sifuri kwenye chumba cha nne kabla hajamaliza kusoma. Nilimpiga vikofi vidogo vidoleni. Mke wangu akapita akasema, "Wifi, huyu kwa mteja mkubwa hana ukali huo." Hatimaye sifuri ikakoma. Nikaona nimefanya biashara nzuri.

Mtihani wa pili akaanguka kwa alama mbili tu. Akaniletea karatasi, na swali la kwanza alilolikosa lilisema: kila mwanafunzi anasoma kilimo au ushonaji, au vyote viwili; robo tatu wanasoma kilimo. Wanaosoma vyote ni sehemu gani? Taarifa: nusu wanasoma ushonaji. Hapo hakuna chumba cha nne, wameshakifunga wenyewe. Jibu ni robo, na taarifa inatosha. Yeye aliandika haitoshi. Na la pili vilevile.

"Si wamesema kila mwanafunzi?"

"Nilisoma. Nikajiuliza, nani amewahesabu?"

Swali hilo nilimpa mimi mwenyewe.

Nikaenda kwa mkuu wa kliniki. Katika maisha yangu sijawahi kutoka kwenye maongezi bila kuambulia hata uzi.

"Mzee, mpe mtihani wa tatu."

"Barua inasema miwili."

"Barua imeandikwa na mtu."

"Mtu huyo hata mimi simjui."

"Friji yenu ya dawa inanguruma. Nitaitengeneza bila malipo."

"Wenye mashine wanatuletea mpya." Akanitazama kwa huruma, na hiyo ndiyo iliyoniuma. "Dada yako alikuwa mfanyakazi mzuri, bwana."

Alikuwa, alisema.

Jioni mimi na mdogo wangu tukamkuta shemeji amelala chali, redio iko kifuani, sauti chini.

"Ya tarehe ishirini ipo?" akauliza.

"Hiyo ipo," mkewe akasema. "Ya baada yake haipo."

"Sawa."

Akaizima redio. Akaanza kujigeuza aelekee ukutani, peke yake, bega kwanza, kisha kiuno, akipumzika katikati. Ilichukua muda mrefu, na hakuna kati yetu aliyekwenda kumsaidia.