Pesa na Swali Lake

Mzee Théodore wa Lubumbashi simjui kwa sura, namjua kwa ukaidi. Alikuwa mkuu wa stesheni ya reli, akastaafu, na nadhani mpaka leo anaamini kwamba dunia haiondoki mpaka yeye apulize filimbi. Binti yake, Falonne, ni mpangaji wangu hapa La Rochelle, mtaa wa Joburg. Gereji ambayo marehemu mume wangu aliijenga kwa ajili ya gari ambalo hatukuwahi kulinunua, ndiyo saluni yake. Anasuka kutwa nzima, anacheka na wateja kwa Kizulu cha kubahatisha, na akimaliza kazi huja jikoni kwangu kunywa chai. Mimi ni mtu wa Morogoro. Niliolewa na mpigania uhuru wa huku akiwa uhamishoni kwetu, nikamfuata nchi yao ilipofunguka. Habari ya kuwa mbali na wazazi hakuna wa kunifundisha.

Falonne alifika Joburg akiwa msichana, akapewa karatasi za mwomba hifadhi. Baadaye akampata Clinton, fundi umeme mzaliwa wa Rosettenville hapa jirani, kijana mpole mpaka anaudhi. Wakaishi pamoja, wakapata mtoto wa kiume. Hakuna aliyekwenda Lubumbashi kupiga hodi kwa mzee. Si kwamba hawakutaka. Falonne akirudi kwao, karatasi zake zimekufa. Na wajomba wa Clinton, ambao ndio wangepaswa kwenda kuposa, safari yao ndefu kuliko zote ni ya kwenda msibani Durban. Mzee akasikia kwa watu kwamba binti yake ana mtoto. Akasema, "Sina neno na mtu aliyejioza mwenyewe." Tangu hapo Falonne akipiga simu inaita mpaka inachoka. Ndugu wakimsihi mzee, huwajibu kwamba mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Pesa ya binti, lakini, alikuwa anapokea. Alisema si yake, ni karo ya wadogo zake Falonne. Mimi nikacheka sana niliposikia. Ukaidi wenye risiti!

Kumbe Falonne naye alikuwa na ujanja wake. Wakati huo benki zilikuwa zinazitazama karatasi za waomba hifadhi kama maganda ya ndizi, kwa hiyo alituma kupitia kwa Mama Denise, Mkongo mwenzake mwenye duka la vitenge mtaa wa pili. Mama Denise aliwakabidhi madereva wa mabasi, na kule Lubumbashi kaka yake akagawa. Ili pesa isichukuliwe na mtu mwingine, kila mtumaji alitoa swali ambalo jibu lake linajulikana na mtu wa nyumbani tu. Bila jibu, hupewi. Na jibu lilirudishwa kwa mtumaji neno kwa neno, aseme kama ni lenyewe.

Wengine waliuliza jina la bibi au jina la mbwa, basi, yamekwisha. Falonne alilifikiria swali lake mwezi mzima. Nilikuwa namwona amesimama na nywele za mtu mkononi, macho yako mbali, najua anatafuta swali. Mara ya kwanza aliuliza ni nani aliyemfundisha kupanda baiskeli. Jibu likaja: "Hakuna mutu. Ulianguka, ukajua." Alicheka mpaka akakaa chini. Akaliimba jibu lile wiki nzima.

Mara nyingine akauliza, nilipougua malaria ulinipikia nini? Mama Denise mwenyewe alikuja na jibu, hakutaka kulituma. Akasoma kwenye simu yake: "Uji ya muchele. Ulitapika. Nikapika tena."

Falonne hakucheka siku hiyo. Akaniambia, "Mama Jeremia, uji ya muchele ilitosha. Pesa ingetoka. Hiyo ingine, nani alimuomba aseme?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba binti huyu hatumi pesa apate shukrani. Anatuma pesa ili baba yake alazimike kumsemesha. Alikuwa na hamu naye jamani, hamu ya kuumwa. Alikuwa na sentensi moja kwa mwezi, na alikuwa anaishi nayo.

Halafu dereva mmoja akavamiwa karibu na mpaka, akapigwa, mzigo wote ukaenda. Mama Denise alifidia watu kwa kuuza vitenge vyake kwa bei ya kutupa, kisha akasema basi, moyo wake hauwezi tena. Watu walihangaika. Ndipo tukatangaziwa kanisani kwamba kuna kampuni changa ya kutuma pesa kwa simu, inakuja ukumbini kwetu kuandikisha watu, na inakuja pamoja na serikali. Nikaenda kuangalia. Serikali na kampuni kukaa meza moja bila mmoja kumkamata mwenzake, hiyo si ya kusimuliwa.

Walikuwa wawili kweli. Dada wa kampuni aliitwa Lerato, mchangamfu, na bwana wa serikali alikuwa na tai na subira. Katekista wetu, Hénock, akatafsiri. Nilivyoelewa mimi ni hivi. Kampuni ilikuwa na simu na vijana wepesi, lakini haikuwa na namna ya kujua kwamba Falonne ni Falonne kweli. Serikali ilikuwa na majina yetu yote, vidole vyetu na zile picha zetu za kununa, lakini haikuwa na njia ya kutufikia zaidi ya foleni. Sasa wamesikizana. Kampuni ikiuliza, ofisi ya uhamiaji inajibu papo hapo kwamba karatasi hii ni ya mtu huyu na bado iko hai. Kampuni nayo haiifichi serikali kinachopita. Wameruhusiwa kujaribu kwa viwango vidogo kwanza, kama mtoto anayeachiwa acheze uani huku mama anachungulia dirishani. Na kule Lubumbashi pesa inaingia kwenye simu iliyosajiliwa kwa jina la mpokeaji.

Ukumbi ukapiga makofi. Mama Denise alipiga kuliko wote, maskini, kama mtu aliyetuliwa gunia kichwani. Nami nilipiga, maana la haki lisemwe: ukiona vyaelea, vimeundwa, na hawa walikuwa wameunda.

Falonne akanyoosha mkono. "Na swali, tutaliweka wapi?"

Lerato hakuelewa. Hénock akaeleza, watu wakacheka kidogo, wengine wakanyamaza maana nao walikuwa na maswali yao. Lerato akasema swali halihitajiki tena, simu na usajili vinatosha.

"Kwangu havitoshi," akasema Falonne. "Ninataka pesa isifunguke mpaka ajibu."

Lerato akawaza, akasema mafundi wake wanaweza kutengeneza hivyo. Bwana wa serikali akatikisa kichwa. Alizungumza polepole, na lazima niseme alizungumza vizuri. Mtu akishatambuliwa kuwa ndiye, alisema, pesa ni yake. Hatuwezi kumruhusu yeyote kumzuilia kwa sharti, awe kampuni, awe binti yake. Lakini nafasi ya ujumbe wekeni. Anayetaka kujibu ajibu, asiyetaka asijibu.

Lerato akaandika. Wakatazamana, wakaafikiana, watu wakajipanga kuandikishwa. Walikuwa wamefanya haki kabisa. Ila nilimtazama Falonne kwenye mstari, nikaona amekauka uso. Kwa miaka yote baba yake alikuwa anajibu kwa lazima. Sasa lazima imeondolewa, na atajua kama kuna kingine kilichobaki.

Mwezi wa kwanza alituma akiwa amekaa kwenye kiti cha saluni. Pesa ikafika kabla chai haijapoa. Chini yake aliandika: "Baba, kwenye stesheni ulikuwa unanikalisha wapi nikusubiri?" Simu ikaonyesha kwamba imesomwa. Jibu halikuja. Akasema labda mzee hajazoea kuandika kule.

Mwezi wa pili akauliza jambo lingine. Imesomwa, kimya. Sasa alikuwa anaitazama simu katikati ya msuko mpaka wateja wakawa wanakohoa. Clinton akaja kwangu amefadhaika, akasema atawabeba wajomba zake mpaka Lubumbashi wakapose, hata kwa kamba. Nikamwambia, "Sharp, sawa mwanangu, anza kutafuta kamba." Kwa hasira nilikuwa nayo, ningeweza kwenda mwenyewe Lubumbashi nikampulizie mzee yule filimbi yake sikioni.

"Batu bote banafurahi," Falonne akaniambia jikoni. "Pesa inafika, hakuna mwizi, bei kidogo. Miye tu njo nalia."

"Mwache, mwanangu. Mtume pesa, lakini usimwombe tena neno. Unajiumiza bure."

Alinisikiliza, au alichoka. Mwezi wa tatu akatuma pesa tupu. Ile nafasi ya ujumbe akaiacha nyeupe, akaiweka simu kwenye rafu kati ya chupa za mafuta ya nywele, akaendelea kusuka. Nilikuwa nimekaa pale mlangoni nachambua mchele. Mtoto alikuwa nje anabishana na jirani kwa Kizulu kuhusu mpira.

Simu ikalia kidogo. Falonne hakugeuka. Mteja wake ndiye aliyemwambia, dada, simu yako. Akaifuta mikono, akaichukua, akasoma. Kisha akanipa mimi, kana kwamba alitaka jicho la pili. Iliandikwa hivi:

"Leo hauna swali? Basi miye niko nayo. Mutoto jina yake nani?"

Nilipoinua macho, Falonne alikuwa ameshatoka, anamwita mtoto kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Mteja aligeuka kwenye kiti, nusu ya kichwa imesukwa, nusu nywele zimesimama.

"Kuna msiba?" akaniuliza.

"Hapana," nikamwambia. "Baba yake amemsemesha."