Sentensi ya Ukurasa wa Mia na Nne

Mimi ni mchapaji. Nachapa barua za watu, fomu za watu, mikataba ya kupanga nyumba, na kwa miaka kumi na moja nimechapa riwaya za mapenzi za Mama Mahaba, ingawa mapenzi ya vitabuni yananichosha. Katika kitabu kimoja mwanamume anapiga magoti mara tano. Hata ngamia hapigi magoti hivyo.

Jina la Mama Mahaba hakupewa na wazazi. Alipewa na wenzake wa chumba cha kufulia nguo hospitalini, ambako amefua na kukunja mashuka tangu usichana wake. Anaandika kwa penseli nyuma ya fomu za kuhesabia mashuka, zile zilizoharibika, na ananiletea zikinuka dawa ya madoa. Hadithi zake hazishuki kutoka mbinguni, anaziokota. Watu wakiagana koridoni baada ya saa ya kuona wagonjwa, yeye yupo hapo karibu na kapu lake la nguo chafu, kichwa chini, masikio juu. Neno zuri likidondoka, limekwenda naye. Yeye anaita kuokota, mimi naita kuiba, na tumebishana juu ya hilo mpaka tumezoea.

"Mficha uchi hazai, mdogo wangu," huniambia.

"Sawa, dada. Lakini huo uchi ni wa nani?"

Siku zote hucheka nikimjibu hivyo. Jumamosi ninayoisimulia hakucheka.

Katika kazi hii tuko watatu. Wa tatu ni Karani, mwanamke mrefu, mkavu, anayetunza mafaili katika masjala ya mahakama. Urafiki wake na Mama Mahaba ulianza kwa ugomvi. Riwaya ya kwanza ilipotoka, Karani alimwandikia barua yenye makosa arobaini na moja, yamepangwa kwa ukurasa. Ukurasa wa kumi na mbili shujaa ana macho ya kahawia, wa thelathini yamekuwa meusi, je, alibadilishiwa hospitalini kwenu? Mwandishi mwingine angeichana barua ile. Mama Mahaba aliipeleka masjala kwa mkono wake, akasimama dirishani, akauliza, "Nani hapa ana muda mwingi hivi?" Huu ni mwaka wa kumi na tisa hawajaachana. Karani naye anaandika, lakini anaandika kwa kufuta. Ana hadithi moja ya miaka saba, na kila mwaka inapungua.

Kazi yao wanaifanyia chumba cha nyuma cha duka langu, kati ya mashine ya kopi na maboksi ya karatasi. Wanaita kusomeana. Mmoja anasoma sura ya mwenzake kwa sauti, na mwenye sura anakaa ameupa ukuta uso, haruhusiwi kusema neno mpaka mwisho. Sheria hiyo ni ya Karani. Anasema mwandishi hawezi kwenda nyumba kwa nyumba kuwaeleza wasomaji alikuwa na maana gani, basi azoee mapema kufunga mdomo.

Jumamosi hiyo Mama Mahaba aliingia dukani saa mbili na nusu asubuhi, nusu saa kabla ya wakati, na kanga ya begani ameifunga kombo. Nilijua kuna jambo.

"Ukurasa wa mia na nne," akasema. "Uko wapi?"

"Uko na wenzake. Sura ya tisa nimeimaliza jana. Dereva wa mchapishaji anakuja kuuchukua mswada saa saba."

"Utoe."

Nilimwambia ukurasa hautolewi kama jino. Akaketi kwenye kiti cha plastiki, akanieleza.

Miaka mingi nyuma, jioni moja mvua ikiwa imewafungia kituo cha mabasi, Karani alimsimulia siku aliyoachana na mumewe. Sisi sote tulijua aliwahi kuwa na mume na kwamba walitengana, basi. Karani si mtu wa kuulizwa. Siku hiyo alisema mwenyewe, kwa mtindo wake wa mahakamani, bila majina. Mmoja alikuwa mlangoni na begi. Mwenzake akamwambia: "Ukitoka, mlango huu siufungi. Nitalala nao wazi mpaka urudi, hata wezi wanimalize." Na yule wa begi akatoka. Alipomaliza kusimulia, Karani alimshika mkono Mama Mahaba akamwambia, hii isiingie kitabuni, hata mimi nikifa. Mama Mahaba akaapa.

"Na umeiingiza," nikasema.

"Sura ya tisa ilinigomea miezi minne. Kila asubuhi nakunja mashuka, nangoja, hakuna. Yule mwanamume wangu anasimama mlangoni, mke anaondoka, naye hana la kusema. Nilimpa maneno ishirini, yote yakafa. Siku moja nikampa lile, nikasema nitalibadilisha baadaye. Akaamka. Sura nzima nikaiandika siku mbili."

"Ungelibadilisha basi."

"Nimejaribu. Nikilitoa, anakufa tena."

Nilikasirika, nasema kweli. Rafiki anayekuonyesha makosa arobaini na moja bila kukuchekea kwa watu hapatikani sokoni. Karani hana mtoto, hana ndugu wa karibu, ana masjala yake na hiki chumba changu cha nyuma. Akimpoteza Mama Mahaba, atabaki na mafaili. Na Mama Mahaba akimpoteza Karani, hataandika tena. Hilo aliniambia yeye mwenyewe hapo hapo kitini, na nilimwamini.

"Mwambie kabla hajasoma," nikasema. "Akiingia tu, mwambie."

"Nitamwambia."

Karani akaingia. Akatusalimu, akafuta miwani, akachomoa kalamu yake nyekundu, akauliza kama leo tuna sura au tunapiga hadithi tu. Nikamtazama Mama Mahaba. Akageuza kiti akatazama ukuta. Jikaze kisabuni, nilimwambia moyoni, si wewe mfua nguo? Hakujikaza. Karani akavuta mswada mapajani, akaanza.

Sura ya tisa inaanzia ukurasa wa tisini na nane. Karani husoma vizuri, hana haraka, haigizi sauti. Tisini na tisa. Mia. Hapo akaweka alama nyekundu, nadhani ilikuwa koma yangu. Mia na moja, mke anafungasha nguo. Shingo ya Mama Mahaba ilikuwa inang'aa jasho, na feni ilikuwa inazunguka juu yake. Mia na mbili. Nikawaza nizime umeme, kisha nikakumbuka ni saa tatu na nusu asubuhi na dirisha liko wazi.

Mia na tatu, mteja akapiga hodi mbele, anataka kopi ya kitambulisho. Karani akanyamaza, kidole kwenye mstari, akasubiri. Mashine ilikuwa hapo hapo chumbani, kwa hiyo nilisimama karibu yao, na ile karatasi ya mia na nne nikaiona inachungulia chini ya mkono wa Karani. Mama Mahaba aligeuza kichwa kidogo akaniangalia. Alitaka niichukue. Niseme nini? Mkono uliniwasha. Lakini Karani anahesabu karatasi kama mtu mwingine anavyohesabu watoto wake, na uongo wa pili ungekuwa wangu. Nikampa mteja kopi yake, akaondoka, Karani akageuza ukurasa.

Akasoma. Mwanamume akasogea mpaka kati ya chumba. Mke akashika kitasa. Mwanamume akasema: "Ukitoka, mlango huu siufungi. Nitalala nao wazi mpaka urudi, hata wezi wanimalize."

Sauti yake haikutetemeka, haikupanda, haikushuka. Ndiyo iliyonitisha. Akasoma jinsi mke alivyosimama, alivyoliweka begi chini, alivyorudi. Akasoma mia na tano, mia na sita, mpaka nukta ya mwisho. Akalaza karatasi kifudifudi juu ya maboksi na kalamu juu yake.

Kwa desturi yao hapo ndipo mwandishi hugeuka. Mama Mahaba hakugeuka.

"Umekosea," Karani akasema.

"Najua, dada. Nilikuapia." Alikuwa anauambia ukuta. "Nimekuibia. Sina la kujitetea. Ukitaka nichome sura yote, naichoma sasa hivi mbele yako."

"Sijafika kwenye kiapo. Nazungumza juu ya kitabu. Umekosea aliyesema."

"Vipi?"

"Aliyesema si yeye."

Mimi nilikuwa nimesimama na mkono juu ya mashine, na nilihisi moto wake kiganjani. Nilielewa kabla ya Mama Mahaba, labda kwa sababu mimi huchapa neno kwa neno na sina haraka ya kuona picha. Katika lugha yetu akasema ni akasema tu, awe mume, awe mke.

"Nilikwambia mmoja, na nikakwambia mwenzake," Karani akasema. "Mume na mke umewagawa wewe. Begi lilikuwa la mume. Mimi ndiye niliyesimama kati ya chumba nikasema hayo."

Mama Mahaba akageuka sasa, kiti kikakwaruza sakafu. Uso wake ulikuwa umelowa. Miaka yote hiyo alimfikiria Karani ndiye aliyeondoka kichwa juu, akaacha mtu nyuma anamlilia, na mimi pia asubuhi hiyo nilimfikiria hivyo. Tena tulimwonea fahari kidogo. Siri ya mtungi aijuaye kata, na sisi tuliokuwa tunajiona kata hatukuwahi kuingia ndani ya mtungi.

"Akajibu nini?" Mama Mahaba akauliza.

Ningeweza kumzaba kibao. Mtu ana machozi mpaka kidevuni, rafiki yake amejivua nguo mbele yake, na bado anataka kujua mstari unaofuata. Hawa waandishi wana ugonjwa.

Karani hakukasirika. Alivua miwani.

"Aliuliza kama shati lake la kijani limekauka."

Nje dereva mmoja alikuwa anamwelekeza mwenzake kurudisha gari nyuma, njoo, njoo, bado, njoo.

"Lilikuwa limekauka," Karani akaendelea. "Nikaenda kulianua. Nikalikunja, nikampa. Hilo ndilo nisilolisema. Ya mlango naweza kuyasema, hata wewe nilikusimulia. Lakini kwamba nilikwenda nikamkunjia shati, hilo sijamwambia mtu."

"Na mlango?" nikauliza mimi. Nami sijui akili yangu ilikuwa wapi.

"Nililala nao wazi siku nane. Siku ya tisa mwenye nyumba akaja kuniuliza kama ninaumwa."

Mama Mahaba akainuka. Akauchukua ukurasa wa mia na nne, akaitwaa ile kalamu nyekundu, na nikaona mkono wake unatafuta mstari. Alikuwa anautoa. Sura ingekufa, mswada ungekosa sura ya tisa, dereva angekuja saa saba akakuta kitabu kina shimo katikati, na yeye alikuwa anautoa hivyo hivyo, mdomo umekazwa. Sijawahi kumpenda yule mwanamke kama dakika ile.

Karani akaushika mkono wake.

"Usikate."

"Ni maneno yako. Si ya huyu."

"Ndiyo maana nasema usikate. Nimeacha watu waamini vile wanavyotaka miaka ishirini na miwili. Nilisema mmoja, nikasema mwenzake, nikawaacha wajigawie. Nawe umegawa kama wengine." Akatafuta neno kama anavyotafuta faili, bila papara. "Lakini nilipokuwa nasoma hapa, nilimsikia yule wa begi anasema. Yeye. Ananiambia mimi. Sikuwahi kumsikia."

"Dada..."

"Kiapo umekivunja. Hilo tutaliongea siku nyingine, na siku hiyo utalia vizuri, hiki unacholia sasa si kilio. Leo mwache aseme yeye."

Akampokonya kalamu, akaiweka mfukoni. Kisha akafanya jambo ambalo katika miaka yote sijaona likifanywa chumbani kwangu. Akageuza kiti chake mwenyewe, akaupa ukuta uso, akakunja mikono.

"Nisomee wewe," akasema. "Anzia anaposogea kati ya chumba. Na usiigize."

Mama Mahaba akasoma. Akafika kwenye mlango usiofungwa na wezi, akapita, akafika mke anapoliweka begi chini.

"Hapo sipataki," Karani akasema bila kugeuka. "Rudia pale anaposema."

Akarudia. Karani akamwambia arudie tena, na tena akarudia, na mara ya tatu nikamwona Karani anauitikia ukuta kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyeombwa abaki na anakubali kubaki.